Vitone vya Mbavuni

Kila asubuhi kabla ya shule, Benie alimsaidia mama yake kuchambua mbinzo wa kuuza sokoni, wale viwavi wanaopendwa kuliwa Kisangani. Waliokufa aliwatenga wakakaushwe. Wazima aliwafunika majani mabichi kwenye beseni. Kisha alinawa, akavaa sare na kukimbilia shuleni, huko Kabondo.

"Jamani, soko limeingia!" alisema Jean-Paul, aliyekaa naye dawati moja, akiziba pua.

Juma hilo Mwalimu Ruphin alikuwa amefundisha neno stigmate. Aliliandika ubaoni herufi kwa herufi, akaeleza kwamba Wafaransa walilirithi kutoka Kigiriki cha kale, ambako lilikuwa alama ya kuchomwa kwa kitu chenye ncha. Kwa mdudu, ni kitundu cha kupumulia. Picha hakuwa nayo. Katika mtihani aliuliza: "Kwa nini jina hilo linafaa?"

Benie aliandika bila kusita: vitundu hivyo hufanana na vitone vilivyochomwa kwa sindano, na vikizibwa kwa mafuta, mdudu hulegea.

Karatasi ziliporudi, yake ilikuwa na sifuri na neno moja jekundu: "Umenakili." Jean-Paul, mwenye jibu lile lile, alipata kumi.

"Mwalimu, mimi sikunakili!"

"Baba yake Jean-Paul ana kabati zima la vitabu. Wewe ungeyatoa wapi haya? Kwenye beseni?"

Darasa likacheka. Benie alikaa kwa hasira, akaifunika ile sifuri kwa kiganja.

Jioni alimsimulia mama yake. Mama Félicité aliacha kuchambua.

"Sifuri? Sababu mimi nauza mbinzo? Mutoto yangu haiko mwizi!"

Kesho yake alisimama mlangoni pa darasa, mkononi bakuli la mbinzo wazima na chupa ndogo ya mafuta ya mawese.

"Bon, Mwalimu. Jina, Benie na Jean-Paul wote wanalijua. Sasa waonyeshe kitu chenyewe."

Mwalimu alikunja uso, lakini alikubali. Jean-Paul alitaja herufi zote za neno bila kukosea hata moja. Alipopewa mbinzo, alimshika kwa ncha za vidole kama kaa la moto.

"Vitundu viko wapi?" aliuliza Mwalimu.

"Hapa... kichwani. Karibu na mdomo."

Benie alimlaza mbinzo ubavu. "Hivi hapa. Tisa upande huu, tisa upande ule." Akapaka mawese mbavuni kwa mbinzo mmoja, na kichwani tu kwa mwingine. "Tungoje."

Darasa likaendelea na hesabu, Mama Félicité akingoja mlangoni. Kabla ya kengele ya mapumziko, yule wa kwanza alikuwa amelegea kama kamba iliyolowa. Mwenzake, uso ukimetameta mafuta, alikuwa anapanda jani.

"Mwaka jana niliangusha kidumu cha mawese kwenye beseni letu," alisema Benie. "Mbinzo walilowa mbavu, vichwa vikabaki vikavu, lakini wakafa. Mama alinigombeza siku nzima. Ningesahauje?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Jean-Paul aliinama. "Nilichungulia karatasi yake," alisema.

Mwalimu Ruphin alifuta ile sifuri mbele ya wote na kuandika kumi. Kumi ya Jean-Paul aliifuta pia.

"Benie, nimekukosea. Mama, nisamehe."

"Nimekusamehe," alijibu Mama Félicité, macho bado makali. "Lakini ungemuuliza kwanza!"

"Kweli." Mwalimu aligeukia darasa. "Sikieni, watoto. Jean-Paul alichukua maneno ya mwenzake, lakini ujuzi hauibiwi kwa kuchungulia. Na kosa langu ni kubwa kuliko lake: nilihukumu kwa kuangalia kazi ya mzazi. Kazi ya mikono haimfanyi mtoto kuwa mwizi wala mjinga. Mara nyingi ndiyo kitabu chake cha kwanza."

Mama Félicité aliichukua ile karatasi, akaikunja na kuifunga kwenye pindo la kitenge chake. Kisha akajitwika bakuli, akaenda sokoni.