Mawe ya Redio ya Ogari

Kila Ijumaa kabla jua halijazama, Ogari wa Ikonge alifungua mgongo wa redio yake. Alitoa betri, yaani mawe, akayafunga kwa jani bichi la mgomba na kuyaficha katika ghala la wimbi. Hakutaka mtoto awashe nyimbo za dansi siku ya Sabato. Jumapili aliyarudisha. Mkewe, Kemuma, alimwomba aache usumbufu huo mpaka akachoka. Ogari akishashika lake, ameshika.

Jumapili moja redio ilikataa kusema, tena siku ambayo haikufaa kabisa. Saa kumi jioni kwaya ya kanisa lao ingesikika redioni, na Kemuma ndiye aliyeongoza wimbo. Dada yake, Gesare, alikuja kutoka Keumbu kumsikia. Wimbo ungepigwa mara moja tu.

Ogari aliipiga redio kofi. Akaitikisa. Akayaanika mawe juani. Akawalaumu watoto.

"Hii redio imekufa," alisema.

"Haijafa. Wewe ndiye unaiua kila Ijumaa," Kemuma alijibu. "Saa tisa imeshapita, Baba Ratemo, na wewe bado unapiga sanduku makofi. Mwite Mwalimu Nyaboke."

"Mwalimu wa watoto anajua nini juu ya redio?"

"Anajua kushinda kofi lako."

Nyaboke, jirani yao, alifundisha sayansi katika shule ya msingi. Alikuja na tochi yake, kipande cha waya na msasa. Aliyatazama mawe. Ncha zake zilikuwa na kutu. Springi za redio nazo zilikuwa zimeota ukoko wa kijani.

"Nani huweka mawe haya mahali penye maji?"

Wote walimtazama Ogari.

"Ni jani tu, Mwalimu."

"Jani bichi lina maji, na maji huleta kutu. Hebu tazama."

Alitoa jiwe safi na balbu katika tochi. Alisimamisha balbu juu ya jiwe. Kisha akaunganisha kitako cha jiwe na ubavu wa balbu kwa ule waya. Balbu ikawaka.

"Umeme hutoka upande mmoja wa jiwe, hupita kwenye balbu, hurudi upande wa pili. Njia yake ni ya mzunguko. Umeme unaopita humo huitwa mkondo. Njia ikikatika popote, mkondo husimama."

Aliinua waya kidogo. Balbu ikazimika. Kisha akaweka jiwe la Ogari. Balbu ikawaka kwa shida, nyekundu na hafifu.

"Kutu inazuia umeme. Kuzuia huko huitwa ukinzani. Ukinzani ukizidi, mkondo hupungua. Redio yako ni nzima, ila umeme hauifikii vizuri. Lakini msijaribu mambo haya kwa umeme wa nguzo. Ule unaua."

"Na Sabato je, Mwalimu?" Ogari aliuliza.

"Kifungo cha kuzima ni cha nini? Ukikizima, umekata njia. Hakuna mkondo unaopita. Acha mawe mahali pake."

"Watoto wakiwasha?"

"Uwakataze," Kemuma alisema. "Wao wana masikio. Asiyesikia ni wewe."

Nyaboke alisugua ncha za mawe na springi kwa msasa, akazipangusa kwa kitambaa kikavu. Aliyarudisha mawe, kila moja likielekea upande wake. Ogari akawasha. Mtangazaji alikuwa akimalizia kutaja jina la kwaya.

"Unaona, shemeji," Ogari alianza kumweleza Gesare, "mkondo hupita kwa mzunguko, halafu ukinzani..."

"Baba Ratemo," Kemuma alisema, "tangu asubuhi tumesikiliza makofi yako. Sasa nyamaza, unisikilize mimi."

Akanyamaza. Sauti ya mkewe ilijaa nyumbani. Sauti hiyo Ogari aliizoea ikimgombeza. Siku hiyo aliisikia ikiimba, akaona haya kwamba alikaribia kuikosa.

Ijumaa iliyofuata alizima kifungo, basi. Jani la mgomba akampa ng'ombe.