Feruzi Haivumilii Moto

Saa mbili na dakika tano asubuhi droo ilikutwa wazi, kidani hakimo. Saa tatu kasoro, Afande alikuwa amesimama katikati ya karakana ya sonara, amekunja uso kama mama aliyelazimishwa kuonja sabuni. Watu watatu, meza moja, droo moja. Kwa hili ndio wamemkatisha chai yake!

Aliyepiga simu polisi ni shemeji yake fundi, mzee mwenye karakana. Mtaani wanamwita Msanii: kofia imelala upande, shati la bluu, skafu shingoni na joto lote lile, mikono laini kama ya mtoto wa wiki moja.

"Mwizi huyu hapa, huyu binti," Msanii alisema. "Jana saa kumi na moja yeye ndiye aliyefunga. Fedha ya karakana, jiwe la karakana, kaenda kuuza. Mchukue, Afande, tusipotezeane muda."

Binti alikuwa mpwa wa fundi, amelelewa kwenye meza ile tangu mama yake afariki. Kidani kilikuwa kazi yake ya kwanza bila kusaidiwa: mkono wa fedha umeshika sindano, jiwe la bluu la feruzi katikati ya kiganja. Marehemu mama alikuwa anashona nguo. Saa sita mchana kilitakiwa kifike kwenye maonyesho.

"Mjomba, na wewe unaona nimeiba?"

"Sioni hivyo, mwanangu. Lakini watu wataona." Fundi alijikanda magoti yake mabovu. Sonara akishaitwa mwizi, hakuna meza itakayompokea tena.

Afande aliinama. Kando ya kichomeo cha gesi kulikuwa na vipande vya feruzi, vyembamba kama maganda ya yai, na mabaki ya kibati cha fedha kilichokatwa.

"Hivi vilikuwepo jana?"

"Hapana, nilifagia," binti alijibu. "Na gesi niliifunga. Kibati cha namna hii hatuna humu."

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Shemeji anao," alisema fundi. "Huwa analeta wateja."

"Sijakanyaga humu tangu juzi!" Msanii akaruka.

"Sijakuuliza. Ila nifundisheni, mie mbumbumbu. Kidani kimekamilika, jiwe limeshakaa. Nataka kuunganisha kibati nyuma kwa moto. Naanzaje? Wewe Msanii, tuelimishe."

"Rahisi mno! Unakigeuza, unawasha moto, dakika mbili kwisha habari."

Fundi alishtuka kama amekanyagwa kidole.

"Na wewe, binti?"

"Natoa jiwe kwanza. Feruzi ikipigwa moto inapasuka. Jiwe ndilo la mwisho kuingia, siku zote."

Afande alifunga daftari. "Basi aliyechoma hiki kitu hajui kazi. Na asiyejua kazi humu ni mmoja tu. Vua skafu."

"Afande, nina kifua..."

"Vua!"

Kidani kilianguka mezani kutoka kwenye mkunjo. Nyuma kulikuwa na kibati cha fedha kimekaa upogo, kina jina la Msanii. Mbele, kwenye kiganja, pale pa feruzi, alikuwa amebandika kwa gundi kifungo cha bluu. Shati lake lilikuwa wazi kooni, uzi unaning'inia.

Afande alikigonga kile kifungo kwa kalamu. Amewahi kuona wezi wa kuku wenye haya kuliko huyu.

"Miaka sita nawaambia watu natengeneza mwenyewe," Msanii alinong'ona. "Safari hii watu wa maonyesho walitaka kuona kazi yenyewe. Nilitaka jina tu."

"Ukaona binti awe rumande saa sita, na mzee kwa magoti yale hatafika kwenye maonyesho, nani atakitambua? Kisha ukatupigia simu sisi, tukubebee mzigo. Twende. Kofia iache, huko hatuna maonyesho."

Binti alishakaa mezani. Kifungo kiling'oka kwa ukucha. Akashika tupa, akalikwangua jina. Mikwaruzo minane tu, likaisha. Fundi akatoa feruzi nyingine kwenye kopo, akaiweka mbele yake.

Binti alipotaka kupuliza unga wa fedha wa kile kibati, mzee alimshika mkono.

"Usiupeperushe, mwanangu. Tutauyeyusha. Ndiyo mara ya kwanza shemeji kuchangia kitu humu ndani."