Rudisheni Kamera

Mbodze Rai alikuwa amelala chali, miguu mbele, akishuka mlima wa Kwale kwa kasi ambayo mama yake asingependa kuisikia.

Baiskeli ya kulalia. Usicheke, jaribu wewe kwanza. Unaegemea kama uko kwenye kiti cha ufukweni Diani, pedali ziko mbele ya uso wako, na kichwa chako kinalingana na magurudumu ya malori. Hapo ndipo mtu anapokumbuka dua zote alizofundishwa utotoni.

Nyuma yake, Probox ya kijivu.

Akipunguza mwendo, nayo inapunguza. Akiongeza, nayo inaongeza.

"Kituo, Ngisi hapa," alisema kwenye kipaza sauti kilichofichwa ndani ya helmeti. "Nina mkia."

"Wangapi?" Huyo alikuwa Muthoka, mkuu wake, mtu wa Machakos aliyezoea kutoa amri huku akitafuna njugu.

"Wawili. Dereva ana miwani ya jua."

"Nani anajua kwamba uko juu ya hiyo baiskeli?"

"Mtu mmoja. Aliyeniazima."

"Basi kazi imekwisha. Tunayemtafuta ni huyo fundi, Garama. Nenda ukamkamate."

"Pole pole, mkuu."

Kwenye kona, lori lenye tela refu lilikuwa limesimama kando, likibadilishwa gurudumu. Probox ilikuwa imeshakaribia kisigino chake. Mbodze hakufikiri. Alijilaza zaidi, akakata kona, akapita chini ya tela kama paka anavyopita chini ya kitanda, akatokea upande wa pili huku utingo akipiga mayowe.

Probox ilipitiliza. Mbodze aliisoma namba yake, akaihifadhi kichwani.

Huko Kombani, Hilux yake kuukuu ilikuwa inamngoja. Akapakia baiskeli nyuma, akachukua barabara ya Ukunda kuelekea kusini.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Alfajiri, Idara ilikuwa imenasa ujumbe: mzigo hai, tisa, leo maji yakijaa. Mzigo hai ni watu. Wasichana tisa kutoka vijiji vya kusini, walioahidiwa kazi za hoteli ng'ambo na mtu aliyejulikana Diani kwa jina la Bwana Roy. Siku hiyo ilikuwa bamvua, yale maji makuu ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, nayo yangefika juu kabisa saa kumi jioni. Baada ya hapo wasichana wangekuwa baharini, na baharini hakuna anayeuliza.

Wangetokea wapi? Idara haikujua. Ilijua kitu kimoja tu cha ajabu. Simu ya Bwana Roy ilikuwa ikifungua tovuti moja mara nyingi kwa siku: tovuti ya Japheth Garama, fundi wa baiskeli za kulalia karibu na Msambweni. Mwezi huu Garama alikuwa ameibadilisha tovuti hiyo tangu juu hadi chini. Toka siku hiyo Roy aliacha kuitazama, akaanza kuitumia maoni.

Jasusi gani asingeshuku?

*

"Shikamoo, mzee Garama."

"Marahaba, mwanangu. Haijakuua?"

"Ilijaribu."

Garama alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Yalikwenda barabarani, yakarudi. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mikono imejaa vumbi la faiba, kwa maana pale ndipo alipokuwa akitengeneza yale maganda yanayofunika baiskeli zisipigwe na upepo. Kiwanda chake kilikuwa juu ya mwinuko. Mbele kulikuwa na uwanja wa kujaribia baiskeli, na nyuma ya uwanja, chini kabisa, bahari.

"Tovuti yako mpya nimeipenda," Mbodze alisema, akijifanya mteja. "Wengine wanasemaje?"

"Aa, maneno ya kawaida."

"Nionyeshe."

Alisita. Akasita sana, Mbodze akayaona hayo pia. Kisha akafungua kompyuta.

Maoni ya kwanza yalikuwa ya mama mmoja wa Kitui: *Bei mmezificha wapi? Nimetafuta mpaka macho yameuma.* Huyo alikuwa mteja wa kweli. Mwingine aliuliza kama kiti kinamfaa mtu mwenye mgongo mbovu. Naye wa kweli.

Halafu yakafuata mengine.

*Rangi ni nzuri. Lakini kamera iko wapi?*

*Herufi zinasomeka vizuri. Nimeikosa kamera.*

*Mimi ni mteja wenu wa zamani. Mlima wa Kwale niliupanda wote nimesimama juu ya pedali. Tafadhali rudisheni kamera.*

Mbodze aliisoma hiyo tena. Asubuhi hii tu alikuwa amelala juu ya baiskeli ile ile, kwenye mlima ule ule. Nani awezaye kusimama juu ya pedali zilizo mbele ya pua yake? Angeanguka kama gunia la mahindi. Huyu mteja wa zamani hajawahi kuigusa baiskeli ya kulalia maishani mwake.

Na maoni ya mwisho, ya jana:

*Tovuti mpya ni nzuri. Ile ya zamani ilikuwa salama zaidi kwenu. Rudisheni kamera.*

"Kamera gani hii, mzee?"

"Ilikuwa kitu kidogo. Wateja wa mbali walipenda kuona baiskeli zao zikijaribiwa, moja kwa moja kwenye tovuti. Ilikuwa inapunguza kasi ya ukurasa, nikaiondoa."

Mbodze alitoka nje. Kwenye nguzo ya uwanja kulikuwa na nyaya zinaning'inia. Alisimama chini yake, akatazama pale ambapo kamera ingetazama. Uwanja. Minazi miwili. Na katikati ya minazi, wazi kama kiganja cha mkono, gati ndogo na boti ya doria imefungwa, imefunikwa turubai ya buluu.

Lo!

Boti ikiwa gatini, njia iko wazi. Boti ikiondoka, kaa mbali. Mtu wa kuchungulia angeulizwa na wanawake wanaopanda mikoko anatafuta nini. Kamera haiulizwi na mtu.

Aliporudi ndani, bastola yake ya Glock ilikuwa mkononi.

"Kaa chini, mzee. Mimi si mteja."

Garama aliketi. Hakuonekana kushangaa, na hilo lilimtia Mbodze wasiwasi zaidi kuliko kama angekimbia.

"Roy anakulipa nini?"

"Hajanilipa kitu."

"Kwa hiyo unamsaidia bure?"

"Simsaidii!" Sauti ilimpasuka. "Bamvua lililopita nilikuwa nimekaa hapa, natazama baiskeli ikijaribiwa. Nyuma yake nikaona spidiboti imeingia kwenye mikoko. Wasichana wakapandishwa. Mmoja alikuwa na gauni la manjano, akawa anageukageuka kutazama nchi kavu. Kesho yake Bwana Roy akaja hapa, akaisifu kamera yangu, akaniambia nisiitoe kamwe. Ndipo nikaelewa."

"Ukanyamaza."

"Ningemwambia nani? Yule mtu nimemwona akinywa chai na wakubwa. Nina mke hapa, nina mafundi. Nikaona, nikiitoa kamera peke yake atajua. Basi nikabadilisha tovuti nzima. Rangi, herufi, picha, kila kitu, ili kamera ipotee katikati ya mengine. Tangu hapo Probox yake ya kijivu inamfuata kila mteja anayetoka hapa. Tovuti ya zamani haikuwa na ubaya wowote, mwanangu."

Mbodze alimtazama. Maneno yalikuwa mazuri. Waongo wa kazi hii nao huwa na maneno mazuri.

Redio ikakoroma. "Ngisi, Kituo. Umemkamata?"

"Kituo, nataka kuirudisha kamera."

Njugu zilikoma kutafunwa. "Umerogwa?"

"Roy akiona boti gatini, atakuja. Ila boti haitakuwepo."

"Na kama huyo mzee ni wao? Simu moja tu, Mbodze. Nahodha Sanga na watu wake wa boti ya doria watakuwa baharini. Watapigwa risasi kama ndege mtini."

"Najua."

"Na wale wasichana hutawaona tena."

"Nimesema najua, mkuu."

Njugu zikaanza kutafunwa tena. "Haya. Shingo yako hiyo."

*

Walitumia maganda ya faiba. Manne, yakaunganishwa kwa kamba juu ya mapipa ya plastiki, yakafungwa gatini. Nahodha Sanga aliwaachia turubai yake ya buluu, akawapa mkono, akaipeleka boti ya kweli kujificha nyuma ya kisiwa cha Chale. Kwa karibu, kile kitu kilikuwa kichekesho. Kutoka kwenye nguzo, kilikuwa boti iliyolala.

Garama aliifunga kamera mwenyewe. Kisha akaketi kuandika jibu, Mbodze amesimama nyuma ya bega lake, akihesabu kila herufi.

*Ndugu wateja, ahsanteni kwa maoni yenu. Kamera imerudi.*

"Bonyeza."

Akabonyeza. Halafu akainuka ghafla, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma.

Simu! Mbodze alimfuata, bastola imetangulia, akalizunguka tangi la maji.

Garama alikuwa amepiga magoti, anatapika.

Mbodze alishusha silaha. Aliona aibu kidogo, ila kidogo tu. Mtu hutapika kwa sababu nyingi.

Waliporudi, chini ya picha kulikuwa na maandishi madogo.

*Watazamaji: 1.*

"Ni yeye," Garama alinong'ona, kana kwamba kompyuta ingemsikia.

Maji yalikuwa yanapanda. Mchanga uliliwa, mizizi ya mikoko ikazama. Mtazamaji mmoja alitazama. Hakuondoka.

Na upepo nao, kama uliotumwa, ukaamka.

Turubai ilitikisika. Ukingo mmoja ukafunuka. Chini yake ganda jeupe lilitoa kichwa, na pipa la njano la mafuta ya kupikia likaonekana nusu.

"Kituo, Ngisi. Mambo yanaharibika."

Mbodze alitoka mbio, akateremka mwinuko, akijua kabisa kwamba kamera itamwona mara atakapofika gatini. Angefanyaje? Akiacha, pipa litaonekana. Akienda, yeye ataonekana.

Alisikia mlio wa mnyororo nyuma yake.

Garama alikuwa amepanda baiskeli kubwa kuliko zote, ile yenye ganda jekundu lenye urefu wa mtu. Aliingia uwanjani moja kwa moja mbele ya kamera, taratibu, kama fundi anayesikiliza breki. Akasimama katikati ya minazi. Akashuka. Akainama kwenye gurudumu, akajikuna kichwa, akapunga mkono kwa kamera kama kuwaambia wateja wasubiri kidogo. Ganda jekundu lilikuwa limeziba gati yote.

Mtu aliyekuwa ameibadilisha tovuti nzima kwa woga, sasa alikuwa amesimama mbele ya jicho la Roy, peke yake, anatabasamu.

Mbodze aliingia majini mpaka kifuani. Akaivuta turubai, akafunga fundo, akafunga la pili, akazamia chini ya gati. "Sawa!" alipaza sauti.

Baiskeli nyekundu iliondoka bila haraka.

Alirudi juu, maji yakimchuruzika. Wote wawili wakaikodolea macho kompyuta.

*Watazamaji: 1.*

*Watazamaji: 1.*

*Watazamaji: 0.*

"Ameshtuka au anakuja?" Garama aliuliza.

Mbodze hakujua. Alichukua funguo za Hilux.

*

Probox ya kijivu ilikuwa imeegeshwa pembeni mwa mikoko. Namba ile ile.

Dereva mwenye miwani alikuwa na bunduki ya Kalashnikov begani, mgongo ameupa nchi kavu, akitazama bahari. Mwenzake alikuwa anawapanga wasichana mstari, maji magotini.

Nje, spidiboti ilikuwa inaingia mlangoni, kwenye mwanya kati ya miamba, injini mbili za Yamaha zikinguruma.

"Changu, Ngisi hapa. Unawaona?"

"Nawaona," Sanga alijibu. "Natoka."

Boti ya doria ilichomoza nyuma ya Chale ikaziba mlango. Risasi mbili, tatu. Spidiboti ikageuka, ikakuta mwamba, ikapanda juu yake na kukaa hapo.

Dereva alishtuka, akainua bunduki. Mbodze alikuwa ameshafika. Kitako cha Glock kilimpata nyuma ya sikio, akaenda chini pamoja na miwani yake. Mwenzake alitazama bastola, akatazama maji, akainua mikono.

"Wote tisa mpo?" Mbodze aliuliza.

"Tupo," mmoja alijibu, meno yakigongana. Kisha wakaanza kulia wote kwa pamoja, na Mbodze akawaacha walie.

Bwana Roy alitolewa kwenye spidiboti, akaletwa gatini amefungwa pingu, shati lake jeupe limeloa. Alipoliona lile rundo la maganda na mapipa, alilitazama kwa muda mrefu.

"Niliona boti," alisema.

"Uliona ulichokiomba," Mbodze alimjibu. "Mpelekeni."

*

Wasichana waliketishwa kiwandani kwa Garama kungojea magari. Mke wake aliwapa chai ya tangawizi na leso za kujifunika. Muthoka alipiga simu kusema kwamba Garama hana hatia, na kwamba yeye binafsi hakuwahi kumshuku sana. Mbodze alikata simu kabla hajamaliza.

Garama alikuwa amechangamka. Alikuwa akipita na sinia ya mahamri, akiwatania wasichana, akiwaambia wale, wamekonda. Miaka kumi ilikuwa imemtoka usoni.

Mmoja wao, Dama wa Jego, hakula. Alikuwa anatazama kompyuta, ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima. Uwanja. Minazi. Gati. Mikoko.

"Hii inaonyesha mpaka kule tulikokuwa?" aliuliza.

"Inaonyesha, mwanangu."

"Kila siku?"

"Ilikuwa kila siku."

"Basi dada yangu mlimwona. Tsofa. Alipita hapo bamvua lililopita. Ndiye aliyenitumia ujumbe kwamba nami nije, kazi ni nzuri. Alikuwa na gauni la manjano."

Sinia ilibaki hewani. Mke wa Garama alimtazama mumewe. Mbodze, aliyekuwa mlangoni, alingoja kusikia kama mtu huyu atasema uongo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuweza kukisia.

Garama aliiweka sinia chini. Akachuchumaa mbele ya msichana, mpaka macho yao yakalingana.

"Nilimwona," alisema.

Dama aligeuka, akaitazama tena mikoko kwenye kompyuta.

Mbodze alikamua maji kwenye pindo la shati lake, akatoka kwenda kwenye Hilux bila kumuaga mtu.

"Kituo, Ngisi hapa. Lile kundi la bamvua lililopita. Nataka jina la meli iliyowapokea kule nje."

"Mbodze, pumzika kwanza. Leo umefanya kazi."

"Jina la meli, mkuu," alisema, akawasha gari.