Wasikilizaji wa Evelio

Harufu ndiyo iliyoanza. Tumbaku iliyoloweshwa tayari kuviringwa, katika nyumba ambayo hakuna aliyevuta sigara tangu Evelio akatazwe na daktari. "Ni hao majirani," mkewe Migdalia akasema, akafungua madirisha yote. Wapi! Harufu haikutoka.

Evelio alikuwa mtunzi wa riwaya, na riwaya yake ya mwisho ilikuwa imemgomea miaka mingi; sura ya kumalizia haikuja. Kila alasiri alirudia vitabu alivyovipenda ujanani, huenda vikamsukuma. Alivisoma kwa sauti. Mama yake alikuwa mviringa sigara hapa Pinar del Río, mji wa tumbaku, naye alikulia chini ya meza za karakana, akimsikiliza msomaji aliyewasomea wafanyakazi riwaya kutwa nzima. Kusoma kimya hakukumwingia.

"Mume wangu, wewe husomi, unauhutubia ukuta," Migdalia alimtania. Laiti ungekuwa ukuta tu.

Siku moja alichoka, akafunga kitabu katikati ya sura. Meza ikagongwa. Ta, ta, ta. Vilikuwa visu, visivyoonekana. Hivyo ndivyo waviringa sigara walivyogonga walipotaka msomaji aendelee, na Evelio aliijua sauti hiyo kabla hajajua herufi. Akakifungua tena, akaendelea kusoma, na visu vikanyamaza.

Tangu hapo hakupumzika. Akinyamaza anywe kahawa, visu; akipunguza sauti, visu; na akijaribu kukaa aandike walau mstari mmoja wa riwaya yake, viligonga meza nzima, toka ncha hii hadi ile, kana kwamba karakana yote ya zamani imeketi pale sebuleni ikimsubiri, mpaka sauti ikamkauka na machozi yakamtoka kwa uchovu.

Wakamwita Bibi Obdulia, anayezungumza na wafu. Akaweka glasi ya maji mezani, akapitisha mrehani pembe zote, akanusa.

"Si wabaya," akanong'ona. "Ni watu wa kazi. Lakini mwanangu, nani aliwahi kuwaachia waviringa sigara hadithi nusu?"

"Hakuna, bibi."

"Basi wamalizie. Wakisikia mwisho wataenda zao."

Evelio akakisoma kile kitabu hadi neno la mwisho. Visu vyote vikagonga kwa pamoja, kwa muda mrefu, kama walivyompongeza msomaji zamani. Kisha kimya. Harufu ikatoweka. Obdulia akachukua glasi yake akaenda, na Evelio akalala kitini papo hapo, mdomo wazi. Migdalia alilia kwa faraja.

Obdulia alijua mambo ya wafu, ya karakana hakuyajua. Pale, kitabu kimoja kikiisha, wafanyakazi hupiga kura kuchagua kinachofuata.

Jua lilikuwa bado halijazama Evelio alipoamka. Vitabu vyote rafuni vilikuwa vimegeuzwa migongo ukutani, majina yasionekane. Mezani palikuwa na rundo moja tu la karatasi, limepangwa vizuri, ukurasa wa kwanza juu. Riwaya yake.

"Ni wewe uliyeitoa?" akamuuliza mkewe.

Migdalia akatikisa kichwa.

"Jamani, hii haina mwisho," Evelio akaiambia sebule. Harufu ya tumbaku ikarudi. Ta, ta, ta.

Migdalia akamvutia kiti, akamshika bega.

"Soma polepole, mume wangu," akanong'ona. "Polepole sana."