Plagi za Pikapu ya Nabalayo

Alfajiri katika mtaa uitwao Tena, ukungu hulala juu ya mabati. Wakati huo Nabalayo huwa ameshaamka kuwasha pikapu yao. Yeye ndiye dereva. Mume wake, Luseno, hupakia mizigo. Huchukua vitanda na makabati kwa maseremala wa soko la Gikomba na kuwapelekea wanunuzi.

Nabalayo alipenda mngurumo wa injini asubuhi. Ulikuwa laini, kama mtu anayeimba akiwa nusu usingizini.

Siku moja mngurumo ukaanza kukatikakatika.

"Plagi zimechoka," Nabalayo alisema. "Zimefanya kazi sana."

Luseno alinunua nyingine kwa mchuuzi kando ya barabara. Zilimetameta kama dhahabu.

"Buda, hizi ni kali," mchuuzi alimwambia. "Gari itapaa!"

Nabalayo alizigeuzageuza mkononi. "Ni za gari hili kweli?"

"Plagi ni plagi, Mama Mitchelle. Si zimeingia? Twende," Luseno alisema alipomaliza kuzifunga.

Mwanzoni pikapu ilienda vizuri. Halafu injini ikaanza kugonga, hasa ikipanda mlima. Ikanywa petroli nyingi kuliko kawaida. Walisikia, lakini kazi zilikuwa nyingi.

Jumamosi moja walibeba kitanda kikubwa cha mbao. Binti yao, Mitchelle, alikaa katikati yao. Walipofika juu ya reli, pikapu ilitetemeka, ikazima.

Nabalayo alizungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Mbali, honi ya treni ikalia.

Kwake mambo yote yalikuwa kama ndoto. Vumbi lilielea polepole. Watu walifungua midomo, naye hakusikia neno.

"Mtoe mtoto!" Luseno alipiga kelele.

Nabalayo alimkumbatia Mitchelle, akaruka nje. Wapita njia wakakimbia kumsaidia Luseno kusukuma. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yametoka tu relini treni ilipopita. Upepo wake uliivua leso ya Nabalayo kichwani.

Luseno aliketi kwenye kokoto.

"Ningewapoteza," alisema. "Ningewapoteza nyote."

Walimpigia simu jirani yao, Gachanja, fundi wa magari kule Makadara. Alikuja, akafungua boneti, akatoa plagi moja.

"Baba Mitchelle, tazama ncha hii. Imekuwa nyeupe. Imeanza kuyeyuka."

"Lakini ni mpya, Baba Shiro!" Luseno alimwambia Gachanja.

"Ni mpya, ila si ya injini hii. Plagi hutoa cheche ya kuwasha petroli. Kisha lazima ipoe. Kila plagi ina kiwango chake cha joto. Hizi zinashika joto kupita kiasi, kwa hivyo petroli inawaka kabla ya wakati wake. Ndiyo maana injini iligonga, na ncha zilipoharibika, ikazima. Mngeendelea, pistoni, kile chuma kinachopanda na kushuka ndani ya injini, ingetoboka."

"Basi tununue zipi?" Nabalayo aliuliza.

"Zile ambazo kiwanda kimependekeza ndizo salama zaidi. Nambari yake imo kwenye kitabu cha gari. Kikipotea, mpe muuza spea nambari ya chesisi, ile iliyochongwa kwenye fremu ya gari, atakutafutia."

"Na za kampuni nyingine zote ni mbaya?"

"La. Kuna kampuni nyingine zenye plagi nzuri. Lakini lazima zilingane na za kiwanda: urefu, unene, kiwango cha joto, na mwanya wa cheche. Na ununue kwenye duka linalojulikana. Bandia ni nyingi."

Luseno aliinamisha kichwa. "Nilidhani ikiingia, imetosha."

"Hata kiatu cha mwenzako kinaweza kukuingia," Gachanja alisema. "Tembea nacho ndipo utajua."

Gachanja alikagua injini. Bahati nzuri, pistoni zilikuwa nzima. Wakanunua plagi zilizopendekezwa. Nabalayo aliomba kuzifunga mwenyewe. Gachanja alimwonyesha: injini ipoe kwanza, anza kwa mkono taratibu, kisha kaza kwa spana bila kulazimisha.

Petroli ikaacha kuisha ovyo. Hata hivyo, tangu siku ile, Luseno, aliyezoea kulala safarini, hakusinzia tena garini. Alikaa wima, masikio kwenye injini.

Desemba walisafiri kwenda kwa mama yake Luseno, magharibi. Walipanda milima ya Timboroa ndani ya ukungu mweupe. Miti ilijitokeza, ikapotea. Injini haikugonga hata mara moja. Mitchelle alikuwa amelala. Nabalayo alipogeuka, Luseno naye alikuwa amelala fofofo, kichwa dirishani.

Luseno alizinduka kidogo. "Tumefika wapi?"

"Juu kabisa," Nabalayo alimwambia. "Lala tu. Mimi niko macho."