Tangazo Lililomfuata Mama Pacha

Mama Pacha ni fundi cherehani. Duka lake ni chumba kimoja kinachotazama barabara. Ndani kuna cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi na kioo kirefu. Kila asubuhi hufagia vipande vya vitambaa vya jana, hutia cherehani mafuta, kisha huning'iniza tepu ya kupimia shingoni. Haitoi hadi jioni.

Ana mapacha wa miaka miwili. Tangu awazae, ana tatizo moja. Akicheka sana, akikohoa, au akiinua mzigo wa vitambaa, mkojo humtoka kidogo. Aliificha siri hiyo mpaka ikamlemea. Mwishowe akamwambia mtu mmoja tu: wifi yake, dada wa mume wake.

"Mbona hilo linawapata wengi waliozaa?" alisema wifi. "Soma kidogo kwenye simu, halafu nenda kliniki."

"Sawa. Lakini wewe funga mdomo."

"Mdomo wangu? Upige cherehani kabisa!"

Mchana, akiwa peke yake, Mama Pacha alifungua tovuti ya afya. Hata mstari wa kwanza hakuumaliza. Kisanduku kikubwa kiliruka, kikaziba maandishi yote.

"Tunajali faragha yako," kilisema. "Sisi na washirika wetu tunatumia vidakuzi."

Chini yake palikuwa na kitufe kikubwa cha kijani: KUBALI VYOTE. Pembeni, kwa herufi ndogo za kijivu, paliandikwa: Simamia chaguo zako.

"Vidakuzi ndiyo nini tena?" alinung'unika. "Niondoleeni balaa hili nisome!"

Akabonyeza yale maneno ya kijivu. Ukafunguka ukurasa mrefu wenye majina ya kampuni asizozijua. Kumi. Ishirini. Hamsini. Akachoka. Akarudi nyuma, akakipiga kile kitufe cha kijani kama anaua mbu.

Tovuti ya pili ikaleta kisanduku kingine. Akakubali. Ya tatu, kisanduku tena. Akakubali, huku akiwatukana waliokitengeneza.

Wiki iliyofuata, wanakwaya wanne walikuja na kiongozi wao. Walitaka sare mpya. Mama Pacha alifungua tovuti ya mishono, akawapa simu.

"Chagueni, mama zangu. Mkipenda mshono, mnionyeshe."

Simu ilipita mkono kwa mkono.

"Huu una mabega mazuri."

"Huo utanibana mimi. Nitaimba sauti ya kwanza bila kupenda!"

Wakacheka. 

Ghafla aliyeshika simu aliikazia macho skrini. Kisha akamtazama Mama Pacha. Kisha akaitazama sketi ya fundi. Katikati ya magauni palikuwa na tangazo: MKOJO UNAKUTOKA? NEPI ZA WATU WAZIMA, TUKO NAWE. Akashusha ukurasa. Tangazo lile lile likatokea tena, safari hii na picha.

"Pole, fundi," alisema kiongozi kwa sauti ya chini.

Mmoja alikuwa ameziba mdomo, mabega yanamtikisika. Wakaaga, wakasema watarudi. Walipofika barabarani, Mama Pacha alisikia kicheko.

Masikio yalimwaka moto. Siri yake aliijua mtu mmoja tu, na mtu huyo mara kwa mara aliazima simu yake. Hakufikiri mara mbili. Akampigia.

"Wifi, wewe ni nyoka!"

"Nimefanya nini?"

"Umeichezea simu yangu! Nimekuambia wewe peke yako, sasa hata simu inatangaza mbele ya wateja!"

"Wifi, umerukwa na akili? Mimi sijagusa simu yako mwezi mzima."

"Usikanyage tena dukani kwangu!" Akakata.

Kesho yake, mkutubi wa maktaba ya mtaa alikuja kuchukua sketi yake. Ni mwanamke mtaratibu. Pale maktaba huwafundisha watu kutumia kompyuta. Alimkuta Mama Pacha akichoma pini kwenye kitambaa kwa nguvu.

"Fundi, hicho kitambaa kimekukosea nini?"

Mama Pacha hakutaka kusema. Lakini hasira ilimsukuma, akaeleza yote. Mkutubi hakucheka.

"Wifi yako hana kosa," alisema. "Kwenye ile tovuti ya afya, kilitokea kisanduku cha vidakuzi?"

"Kilitokea."

"Ukabonyeza nini?"

"Kijani! Si ndicho kinachoonekana?"

Mkutubi akavuta kiti. "Sikiliza. Vidakuzi ni alama ndogo. Tovuti inaziweka kwenye simu yako ili ikutambue. Nyingine zina kazi nzuri, kama kukumbuka lugha uliyochagua. Nyingine ni za kampuni za matangazo. Kampuni moja inaweza kuwa kwenye tovuti nyingi. Iliona umesoma habari za mkojo. Ulipofungua tovuti ya mishono, ikaitambua simu yako. Ikaleta nepi."

"Yaani ni kama mtu ananiona kliniki, halafu ananifuata mpaka dukani, anapiga kelele mbele ya wateja?"

"Ndivyo."

"Na wameandika wanajali faragha yangu!" Mama Pacha alipiga meza, pini zikaruka. "Mbona cha kukubali ni kikubwa kama sahani, na cha kukataa wamekificha?"

"Makusudi. Wanajua una haraka. Wanajua utachoka."

"Washenzi!"

"Una haki ya kukasirika. Hata mimi visanduku hivyo vinanikera. Sasa shika simu yako. Bonyeza mwenyewe, ili ujue."

Walianza na kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti. Mama Pacha aliingia kwenye mipangilio, akafungua sehemu ya faragha, akafuta vidakuzi vyote.

"Tovuti nyingine zitakuomba nywila upya," mkutubi alimtahadharisha.

"Ziombe!"

Kisha akazuia vidakuzi vya kampuni zilizo nje ya tovuti yenyewe. Kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya matangazo, akafuta namba ambayo watangazaji huitumia kuitambua simu. Halafu wakafungua tena ile tovuti ya afya. Kisanduku kikaruka.

"Usikimbilie kijani," alisema mkutubi. "Tafuta 'Kataa vyote'. Usipokiona, fungua yale maneno ya kijivu. Zima visivyo vya lazima, kisha bonyeza 'Hifadhi'. Wakikunyima njia ya kukataa, toka. Tovuti za afya ni nyingi."

"Na nikitaka kusoma jambo la siri?"

"Tumia dirisha la faragha, lipo kwenye menyu ya kivinjari. Ukilifunga, vidakuzi vyake vinafutika. Lakini usidhani umekuwa jini asiyeonekana. Tovuti unayoisoma, na kampuni inayokupa intaneti, bado zinaweza kujua ulikopita."

"Kwa hiyo matangazo hayataisha?"

"Yatakuwepo. Ila yatapata shida kukufuata."

Baada ya siku chache, matangazo ya nepi hayakuonekana tena. Yakaja ya matairi na rangi za ukuta. Mama Pacha alikwenda kliniki. Muuguzi alimfundisha kukaza misuli ya chini, kama mtu anayezuia mkojo, kisha kuiachia, mara kadhaa kila siku. Kidogo kidogo hali ikaanza kuwa nafuu. Kiongozi wa kwaya alirudi kupimwa. Yule aliyecheka hakurudi, na Mama Pacha hakumtafuta.

Lakini kwenda kliniki kulikuwa rahisi kuliko kwenda kwa wifi. Wiki kadhaa zilipita ndipo akabisha hodi. Wifi alikuwa anafua uani. Hakuinua kichwa.

"Uliniita nyoka."

"Nilikuita."

"Kwa sababu ya tangazo la nepi!"

"Nilikosea, wifi. Sikukuuliza, nilikuhukumu. Nisamehe."

Wifi alikamua shati kwa nguvu, akalitupa kwenye beseni. Akakamua la pili. Mama Pacha alisimama tu, jua likimpiga. Kisha akaanza kumweleza habari ya vidakuzi, kisanduku na kitufe cha kijani. Wifi akaacha kukamua.

"Yaani ndiyo maana simu yangu kila nikiifungua inaniletea…" Akakatiza maneno. Akafuta mikono, akaingia ndani, akatoka na simu ameikumbatia kifuani. "Nionyeshe pa kufutia. Lakini usisome."

"Sisomi."

Mama Pacha akageuza kiti, akaketi akitazama ukuta.

"Fungua mipangilio," alisema. "Umeona neno 'Faragha'?"

"Nimeliona."

"Haya. Bonyeza hapo."