Chanjo ya Siku ya Kwanza

Majirani walimwita Sindano. Alikuwa fundi cherehani, tena mwembamba. Asubuhi hiyo alikuwa akishona sare za shule, lakini uzi ulimkatikia kila mara. Mawazo yake hayakuwa kwenye kitambaa.

Jana yake alipimwa damu kliniki, kama wajawazito wenzake. Mkunga akamwita faragha.

"Mama, una virusi vya homa ya ini aina ya B."

"Mbona siumwi popote?"

"Wengi hawaumwi. Virusi hukaa ndani ya ini miaka mingi, kimyakimya, huku vikiliharibu. Huenda ulivipata ulipozaliwa."

Sindano alishika tumbo. "Na huyu?"

"Huyu tunaweza kumkinga. Achanjwe mara tu akizaliwa, kisha amalize chanjo zote. Kwa hiyo usijifungulie nyumbani. Ukifika wodini, sema mwenyewe. Usingoje kuulizwa. Nawe tutakupima zaidi, tuone kama unahitaji dawa."

Jioni alimweleza mumewe, ambaye ni kinyozi. Mume akasema, "Kesho nami napima." Alipima, akakutwa hana, akaanza kuchanjwa. Lakini alimsihi mkewe, "Mama asijue. Unamfahamu mama."

Mama mkwe alikuwa amekuja kumsaidia kujifungua. Kila Sindano alipompa chai, aliona aibu. Usingizi ulimpaa. Je, wakimtenga? Je, mtoto naye?

Uchungu ulimjia ghafla, mume yuko kazini. Mama mkwe akamkimbiza hospitali. Katika haraka hiyo, kadi ya kliniki ilibaki nyumbani. Mkunga wake naye hakuwa zamu. Muuguzi aliyekuwepo alikuwa mgeni kwake.

"Una tatizo lolote la kiafya?" muuguzi aliuliza.

Sindano alifungua mdomo. Mama mkwe alikuwa amemshika mkono, anampangusa jasho. Sindano akatikisa kichwa.

Mtoto alizaliwa, wa kike, sauti kama kengele. Muuguzi akamfunika vizuri, akageuka kwenda kwa mgonjwa mwingine. Sindano akamwita.

"Dada, subiri! Nilikudanganya. Nina homa ya ini B. Mwanangu achanjwe sasa hivi!"

Mama mkwe aliuachia mkono wake.

"Umefanya vyema kusema," muuguzi alisema, akaenda kuchukua chanjo.

"Nami nimekunywa naye kikombe kimoja siku zote hizi!" mama mkwe alimaka muuguzi aliporudi.

"Kikombe hakiambukizi, mama. Wala sahani, wala kukumbatiana. Virusi hivi hupita kwenye damu, katika kujamiiana bila kinga, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Ndiyo maana wembe na mswaki haviazimwi."

"Na kunyonyesha?"

"Anyonyeshe bila wasiwasi. Ila nawe na wengine nyumbani mpimwe, na asiye navyo achanjwe."

Mtoto alichomwa pajani, akapiga ukelele wodi nzima ikageuka.

"Mtoto wa Sindano anaogopa sindano!" muuguzi alitania. Mama mkwe hakucheka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utanitenga, mama."

Mama mkwe alimtazama mtoto. "Kweli, ningekutenga," alisema. Kisha akanyoosha mikono. "Haya, nipe mjukuu wangu."

Mtoto alimaliza chanjo zake zote. Alipoanza kutembea, walimpeleka kupimwa. Sindano, ambaye sasa huhudhuria kliniki ya ini bila kukosa, aliketi kwenye benchi akisubiri majibu. Mlango ulipofunguliwa, aliinuka.

"Hana virusi," daktari alisema. "Na kinga anayo."

"Rudia tena, daktari."

Daktari akarudia. Sindano alijifunika uso kwa kanga, akalia kwa furaha.

Mama mkwe yeye hakuwa na muda wa kulia. Alikwishamsogelea mjamzito aliyeketi mwisho wa benchi.

"Mwanangu, homa ya ini umepimwa? Bado? Inuka, nikupeleke mimi."